Uzi maalumu: Kutembea milima ya Sierra Nevada, California, mwaka ambao theluji imezidi

Mwanamlima (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila majira ya baridi yakikaribia huku magharibi ya Marekani napata maswali yaleyale kutoka kwa ndugu zetu waliohamia California na Nevada: ninunue viatu vya theluji (vile vipana unavyofunga chini ya buti usizame) vya aina gani, bei gani, duka gani. Sawa, nitafika huko. Ila kwangu swali la kwanza ni saa ngapi unaingia mlimani na saa ngapi unatoka. Kiatu kinafuata. Mwaka wa theluji ya kawaida unaweza kuchelewa ukarudi salama na hadithi ya kuchekesha. Mwaka wa theluji nyingi mlima hausamehi hivyo.

Nimewahi kubeba mizigo ya watalii Kilimanjaro kabla sijahamia bonde la Sacramento, kwa hiyo wale wa "mbona hata kwetu theluji ipo" vuteni subira, nitawajibu.

Tuchukue majira ya baridi ya 2022/23. Kuanzia mwishoni mwa Desemba mpaka katikati ya Januari, dhoruba tisa mfululizo ziliipiga California, zile zinazotoka Pasifiki zikiwa zimebeba mvuke kwenye mkanda mrefu mwembamba. Wenyewe huziita mito ya angani. Februari na Machi zikaja nyingine, baadhi zikiwa za baridi zaidi. Hifadhi ya Yosemite ikafungwa wiki kama tatu. Tarehe 3 Aprili wapimaji wa idara ya maji ya jimbo wakaenda kituo cha Phillips, kusini mwa Ziwa Tahoe, wakachoma bomba lao la kupimia. Kina kilikuwa sentimita 321, na theluji hiyo ikiyeyushwa maji yake yangefika kina cha sentimita 137. Kwa jimbo zima theluji ilikuwa asilimia 237 ya kiwango cha kawaida cha siku zile, na Sierra ya kusini ilikaribia mara tatu. Mnajua uwanja huohuo wa Phillips ulikuwaje Aprili 2015? Gavana alisimama kwenye nyasi kavu. Mwaka ule jimbo lilikuwa na asilimia 5 tu.

Karibu na Donner Pass, njia ya kuvukia milima ya Sierra, kuna maabara ya theluji ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Msimu wa 2022/23 walipima inchi 754 zilizoanguka, zaidi ya mita 19. Ni msimu wa pili katika kumbukumbu zao. Wa kwanza ni 1951/52, inchi 812, na ndio msimu ambao treni ya abiria iitwayo City of San Francisco ilikwama huko Januari 1952 ikiwa na watu zaidi ya 200. Walikaa ndani siku tatu kabla ya kuokolewa.

Sasa kwa mtembezi hii ina maana gani? Maana yake mlima uliouzoea haupo. Vibao vya njia vimefunikwa. Vyoo vya maegesho vimefunikwa, unaona bomba la hewa limechungulia. Misonobari midogo imezama yote na ile mikubwa unaitazama ukiwa usawa wa matawi. Mawe yaliyokuwa yanakuonyesha njia hayaonekani, na kijito ulichokuwa unakiruka kinapita chini ya miguu yako bila wewe kujua. Ramani ya simu itakwambia uko juu ya njia, na itakuwa sahihi, njia iko mita tatu chini yako. Alama za miguu za aliyetangulia nazo si ushahidi wa kitu. Huenda naye alikuwa amepotea.

Turudi kwenye saa. Theluji ya Aprili hadi Julai si ile ya Januari. Usiku anga likiwa wazi, uso wake huganda ukawa mgumu kiasi kwamba kisigino hakiachi alama. Alfajiri unapita juu yake vizuri kabisa, viatu vya theluji umevifunga mgongoni, miguuni umevaa kramponi au yale meno ya chuma ya kuvalisha juu ya buti. Jua likipanda uso unalainika. Saa tano asubuhi unaanza kuzama hadi kifundo, saa saba hadi goti, saa tisa hadi paja. Hapo ndipo watu wanapoishiwa nguvu na kuvunjika miguu, maana mguu ukitumbukia katikati ya mawe mawili huku mwili unaendelea mbele, mfupa ndio unaolipa.

Waliopanda Kibo wanajua kwa nini tunaamsha wageni saa tano usiku ili waanze kupanda saa sita. Kokoto zikiwa zimeganda mguu unashika. Jua likitoka unapiga hatua moja mbele na nusu nyuma. Kanuni ni ileile. Mimi Mei na Juni huwa natoka garini saa kumi alfajiri na taa ya kichwani, na kabla ya saa sita mchana nataka niwe nimeshuka chini ya miteremko mikali. Wenzangu wengine wananiona mwoga. Wacha waone.

Halafu maji. Hapa ndipo napotofautiana na wengi wanaoandika kuhusu milima ya theluji. Wanazungumzia baridi, baridi, baridi. Baridi unavaa nguo. Maji utavaa nini? Theluji ikizidi, hatari kubwa ya Sierra inahamia kwenye vijito na mito kuanzia Mei. Theluji inayoyeyuka mchana inachukua saa kadhaa kufika bondeni, kwa hiyo mto unajaa kuanzia alasiri mpaka usiku na unapungua karibu na mapambazuko. Kivuko unachokipita saa kumi na mbili asubuhi maji yakiwa magotini, jioni kinaweza kuwa kiunoni na kimekasirika. Na yale madaraja ya theluji juu ya kijito yanaliwa kutoka chini. Juu unaona pamenyooka, chini maji yamekwishachimba pango. Ukisikia mngurumo chini ya miguu, rudi nyuma taratibu kwa njia uliyojia, utafute gogo au pahala pengine.

Mwaka ule wa 2023 watembezi wengi wa Pacific Crest Trail, ile njia inayotoka mpaka wa Mexico hadi wa Kanada, waliiruka Sierra wakaenda kutembea kaskazini kwanza. Baadhi ya madaraja ya miguu yalivunjwa na uzito wa theluji na mafuriko. Barabara ya Tioga inayokatiza Yosemite ilifunguliwa tarehe 22 Julai, wamechelewa kuliko mwaka wowote uliorekodiwa. Kule chini bondeni, Ziwa Tulare lililokaushwa kwa ajili ya mashamba likarudi likafunika pamba na nyanya za watu. Maji yote hayo yalipita kwanza kwenye vivuko ambavyo mtu anataka kuvuka na begi mgongoni.

Karibuni kwa maswali.

Kiberenge

Mkuu hii chai ina tangawizi. Mita 19 za theluji? Hilo ni jengo la ghorofa sita! Na uzi bila picha unajua hukumu yake.

Mwanamlima

Hahaha, picha zangu zote ni nyeupe, utaona nini? Mkuu, mita 19 ni jumla ya kilichoanguka msimu mzima, wanapima kila siku na kufuta ubao. Haikulala yote kwa wakati mmoja. Theluji inajishindilia yenyewe, nyingine inayeyuka. Iliyolala ni ile niliyosema ya Phillips, mita tatu na kitu, na kwenye vilele zaidi. Tena ya Sierra ni nzito kwa sababu inatoka baharini karibu, imejaa maji. Watu wa huku huiita saruji ya Sierra. Jaribu kuifukua kwenye gari lako asubuhi ndipo utajua chai au si chai.

MchaggaOG

Mleta uzi, heshima kwako, ila usitutishe. Mimi bado napandisha wageni Kibo. Masika theluji inashuka tunaipita na buti na kitambaa cha kufunika miguu chini ya goti, basi. Hicho kilele chenu kirefu kuliko vyote kina mita ngapi?

Mwanamlima

Kaka, shikamoo kwa kazi hiyo, nilikuwa huko najua.

Mlima Whitney, mrefu kuliko yote katika yale majimbo 48 yaliyoungana bara, una mita 4,421. Haufiki hata kambi ya Barafu unakolaza wageni wako kabla ya kilele. Kwa kimo hatuna la kukuambia. Tofauti ni kwamba theluji ya Kibo inaanguka leo, jua la ikweta linaila kesho kutwa, na njia yako ni ileile iliyopigwa na maelfu ya watu, ukiwa na wapagazi na mpishi. Huku inajikusanya tabaka juu ya tabaka kuanzia Novemba hadi Aprili. Tabaka moja likiwa dhaifu, yote yaliyo juu yake yanasubiri sababu ya kuteremka. Na hakuna mpagazi. Ukiumia unasubiri waokoaji wa kujitolea wa kaunti wavae, wakufikie.

Ila "pole pole" ya kwenu huku ni dhahabu. Wamarekani wanaanza safari mbio mpaka jasho linalowesha fulana, wakisimama kupumzika linageuka barafu mgongoni. Ukitembea theluji unatakiwa uanze safari ukisikia baridi kidogo.

NyamburaMN

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota, huku hakuna mlima, ni tambarare na maziwa yaliyoganda. Viatu vya theluji navivaa karibu kila wikendi. Hamjasema chochote kuhusu vyenyewe! Vyangu ni vya mbao za mti wa ash na kamba za ngozi, umbo la Waojibwe wenyeji wa huku, vimechongoka mbele na nyuma. Kwa theluji mbichi ya msituni na sehemu wazi, hakuna plastiki inayovishinda. Havipigi kelele, na mbele vimepinda juu havikwami kwenye vichaka. Hao watu wamevitumia karne nyingi kabla duka lolote halijafunguliwa.

Mwanamlima

Dada Nyambura umenikamata, niliahidi nikapita.

Vyako ni vizuri kwa huko kwenu na nakuunga mkono kabisa. Mlimani vitakusaliti kwenye mteremko mgumu kwa sababu chini havina meno ya kutosha. Huku tunatafuta kifupi kidogo, chenye fremu ya chuma au plastiki ngumu, meno marefu chini ya vidole na reli za meno pembeni. Kuna kipande cha waya nyuma unachokiinua kisigino kikae juu wakati wa kupanda. Watu wanakidharau dukani, lakini ukipanda mteremko wa saa mbili mashavu ya miguu yako yatakishukuru. Ukubwa unachagua kwa uzito wako ukijumlisha begi, wala si kwa urefu wa mguu. Na theluji nzito ya Sierra inakubeba vizuri kuliko ile nyepesi kama unga ya Colorado au Utah, kwa hiyo huku usinunue vikubwa mno.

Kasoro kubwa ya viatu hivi ni kukata mteremko kwa ubavu. Kifundo kinapinda, kiatu kinateleza upande. Panda wima au zunguka. Mteremko ukiwa mgumu na mkali hadi unawaza "nikianguka nitasimamia wapi", vivue, vaa kramponi na ushike shoka la barafu, na uwe umejifunza kulitumia kujizuia kabla ya siku hiyo.

Adabu moja: ukikuta mistari miwili ya watu wa ski, wale wanaoteleza kwa mbao ndefu miguuni, tembea pembeni yake. Usiiharibu. Watakupigia kelele, na watakuwa na haki.

Zebedayo_Reno

Naongezea la maporomoko ya theluji, maana mleta uzi amelipitia juu juu na watembezi wa viatu vya theluji ndio wanaolipuuza kuliko wote. Wanadhani ni janga la watu wa ski.

Bamba la theluji linavunjika hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Chini ya hapo ni nadra. Kuna programu za simu za kupima nyuzi, na ramani zenye rangi za miteremko. Lakini sikilizeni: si lazima wewe uwe kwenye mteremko mkali. Ukitembea kwenye bonde la kupendeza, tambarare kabisa, na juu yako kuna mteremko wa nyuzi 38, uko ndani ya njia yake. Mabonde membamba na makorongo ni mabaya zaidi kwa sababu theluji ikishuka inajazana humo, haina pa kusambaa.

Wengi wanaokufa, poromoko limeanzishwa na wao wenyewe au na mwenzao. Halikuwavizia.

Kabla ya kutoka soma taarifa ya siku hiyo. Kwa eneo la Tahoe ni Sierra Avalanche Center, kwa Mammoth na Bishop ni Eastern Sierra Avalanche Center. Bure, inatoka asubuhi mapema. Viwango vya hatari ni vitano, kutoka 1 hadi 5. Watu wanaogopa 4 na 5 wanabaki nyumbani. Kiwango cha 3 ndicho kinachoua sana, kwa sababu anga limetakata, theluji inang'aa, na kila mtu yuko huko. Mimi kwenye 3 natembea msituni kwenye miteremko midogo tu, sibishani na mtu.

Kila mmoja kwenye kundi awe na redio ndogo ya kifuani ya kutafutana, fimbo ndefu ya kuchomea na beleshi. Vyote vitatu. Redio bila beleshi itakuonyesha tu mahali mwenzako anapofia. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya robo saa ya kwanza ana nafasi kubwa ya kuishi. Baada ya hapo nafasi inaanguka haraka mno, waokoaji kutoka mjini hawatawahi. Mwokoaji ni wewe uliye hapo. Kuna mafunzo ya siku tatu ya ngazi ya kwanza, yafanye kabla ya kununua kitu kingine.

Mwanamlima

Hapo umemaliza, Zebedayo. Naongeza moja tu: mashimo ya miti. Theluji ikianguka nyingi, matawi ya msonobari yanazuia isijae karibu na shina, kunabaki shimo lenye theluji legelege. Mtu akitumbukia kichwa chini, viatu vya theluji vinanasa juu na hawezi kujigeuza. Msipite chini kabisa ya matawi, na mtembee mkionana. Si kusikiana. Kuonana.

binti_Kigoma

Samahanini, mimi nauliza kama mtu wa nje. Kwa nini mtu mwenye akili timamu aende huko?

Zebedayo_Reno

Dada, wengine hawakwenda kwa hiari. Donner Pass imepewa jina la familia moja katika msafara wa wahamiaji 87 waliokuwa wakielekea California. Theluji ya mapema iliwafungia mlimani mwishoni mwa 1846. Tarehe 16 Desemba watu 17 wakaamua kutoka kwa miguu kutafuta msaada. Viatu vya theluji walivitengeneza wenyewe kwa vipande vya nira za ng'ombe na ngozi mbichi. Wawili waliokosa viatu wakarudi. Waliobaki 15, wanaume 10 na wanawake 5, walitembea zaidi ya mwezi. Wanaume wanane walikufa. Wanawake wote watano walifika. Katika msafara mzima karibu nusu walikufa.

Kuna na mwingine aliyekwenda kwa mshahara ambao hakulipwa ipasavyo: John Thompson, mzaliwa wa Norway, alibeba barua kuvuka Sierra kati ya Placerville na Genoa kuanzia 1856 kwa karibu miaka 20. Wakamwita Snowshoe Thompson, ingawa miguuni alikuwa na ski ndefu za mbao. Watu wa migodini siku zile waliziita ski nazo viatu vya theluji.

binti_Kigoma

Wanawake wote watano? Hapo nimeelewa, endeleeni.

MchaggaOG

Mleta uzi, nina mdogo wangu kahamia Sacramento mwaka huu, hana kitu. Aanzie wapi Januari bila kufa?

Mwanamlima

Mwambie asinunue chochote kwanza. Viatu vya theluji vinakodishwa kwenye maduka ya michezo, pamoja na fimbo mbili zenye visahani vipana chini. Anunue buti isiyopitisha maji, soksi za sufu, na suruali isiyo ya pamba. Pamba ikilowa haikauki na inanyonya joto la mwili; jinzi abaki nazo mjini.

Miwani ya jua na mafuta ya kujikinga ni lazima, hata kwa sisi weusi. Watu wanacheka, lakini theluji mbichi inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mionzi ile inayounguza, inakupiga kutoka chini. Utaungua chini ya kidevu, midomo, mpaka ndani ya pua. Macho yakiungua ni kama yamejaa mchanga, siku nzima hayafunguki.

Kwa mara ya kwanza aende kwenye maegesho ya Sno-Park, yale yanayofyekwa theluji kwa ajili ya watembezi. Kuanzia 1 Novemba hadi 30 Mei yanadai kibali cha kuegesha, akikate kabla ya kwenda. Apande hadi Echo Lakes au atembee bonde la Castle karibu na Donner, saa moja kwenda, arudi. Asivuke ziwa lililoganda kwa sababu tu ameona wengine wanavuka. Garini awe na minyororo ya matairi na ajifunze kuifunga nyumbani kwenye uwanja mkavu, maana askari wa barabara watamsimamisha kwenye barabara kuu ya Interstate 80 usiku, upepo unavuma, na vidole havifanyi kazi. Blanketi, maji, chakula, tangi la mafuta lisishuke nusu. Barabara hiyo ikifungwa hufungwa saa nyingi.

Na amwachie mtu ujumbe anakwenda wapi na ifikapo saa ngapi apigiwe sherifu. Akifika mjini anitumie meseji ya faragha humu, Jumamosi yoyote nitampeleka. Tunaondoka Sacramento saa kumi na moja alfajiri, asiyekuwepo tunamwacha.